Waya wa Muadhini

Naanza na hasira ili msomaji asije akanitafutia subira baadaye. Subira napewa kila siku, kama chai. "Muzee, shukuru Mungu, uko muzima." Nashukuru. Nilikuwa na kifua kikuu, kile kinachokataa vidonge vya kawaida, nikachomwa sindano kila asubuhi kwa miezi, nikapona. Mapafu yangu leo ni mazima. Masikio ndiyo yaliyokwenda, na sindano hizo hizo ndizo zilizoyachukua. Nitashukuru na kukasirika kwa pamoja mpaka nife; Mungu ni mkubwa wa kutosha kupokea vyote viwili.

Kazi yangu ilikuwa kuadhini. Haikuwa kazi ya mshahara. Riziki niliipata kwa kuuza vitenge soko la Birere, hapa Goma, kama baba yangu aliyekuja kutoka Maniema na mzigo wa nguo. Lakini ukiuliza mtaani mimi ni nani, hakuna aliyetaja vitenge. Volkano ilipoukata mji katikati, nikiwa bado na nguvu za ujana, hatukuwa na umeme wala kipaza sauti, na niliadhini saa ambayo si ya sala ili watu watoke majumbani. Walitoka, Waislamu kwa Wakatoliki. Msikiti wenyewe uliungua. Tulijenga mwingine juu ya mawe yale yale ya volkano yaliyouchoma, maana tungejenga wapi? Tangu siku hiyo sauti yangu ikawa kitu cha mtaa mzima, kama bomba la maji.

Mlio ulianza nikiwa bado kwenye sindano. Fikiria sufuria ya maji ya chai jikoni: inakaribia kuchemka, inatoa kale kasauti kembamba, halafu haichemki kamwe. Hiyo sufuria imo kichwani mwangu mpaka leo. Nilimwambia muuguzi wa kituo nilikochomwa. "Iyo ni ya kawaida, muzee," alisema. "Itaisha." Baadaye nikamwambia kwamba sasa sisikii ndege asubuhi, wala simu ikilia mfukoni. Akanipiga begani. "Endelea tu, muzee. Ukiacha dawa utakufa."

Alikuwa anajua. Niliipata habari hiyo kwa mgonjwa mwenzangu, dereva wa lori wa njia ya Butembo, ambaye daktari wake wa kwanza alimweleza waziwazi kwamba sindano zile huharibu masikio, na kwamba dalili zikitokea aseme mapema ili waangalie dawa upya. Mimi nilisema mapema. Kituoni hakukuwa na mashine ya kupima masikio, sawa, nakubali, mashine haikuwepo. Lakini mdomo ulikuwepo. Mtu mmoja angekaa mbele yangu na kusema: muzee, dawa hii inaweza kukuchukulia masikio, na wewe ni muadhini, unasemaje? Ningesema chomeni. Nilikuwa na watoto, nilitaka kuishi. Lakini ningesema mimi.

Basi nikaanza maisha ya mtu anayeshauriwa. Kitunguu kilichochomwa. Mafuta ya vuguvugu. Shemeji yangu aliona ni jini, akataka nifukizwe ubani, nikamwambia ajifukize yeye. Kilichonisaidia hakikutoka kwa mtu yeyote. Niligundua mwenyewe kwamba nikikaa karibu na mashine ya kusaga unga, pale nyuma ya soko, ngurumo yake inaufunika mlio kidogo, na kichwa kinapumzika. Nilikuwa nakaa pale kila alasiri juu ya gunia, nimejaa vumbi la mahindi, na wanawake wakidhani nasubiri unga wangu. Nyumbani nililala na radio isiyoshika stesheni yoyote, inakoroma karibu na mto. Sikio la kushoto lilibaki na uhai kidogo: mtu akiweka mdomo hapo na kusema taratibu, napata. Wengi hawakutaka kusema taratibu. Walipiga kelele, halafu wakanuna kwamba nimekunja uso.

Kuadhini sikuacha. Maneno nayajua tangu utoto, na sauti naisikia kifuani ikitetemeka, nikajiambia inatosha. Niliadhinia katika chumba kidogo pembeni ya mihrabu. Mikro ya kusemea ilisimama pale, na waya wake ulipita kwenye tundu la ukuta kwenda ofisi ya kamati, kulikokuwa na mashine ya vipaza sauti vya nje. Mikro ilikuwa na taa nyekundu ndogo iliyowaka sauti ikipita, na niliipenda taa ile. Kwa mtu asiyesikia, ilikuwa ndiyo jibu.

Kisha volkano ikarudi. Jioni moja mbingu ilikuwa nyekundu kama jiko, na mke wangu akanishika mkono akanivuta barabarani bila kuniambia tunakwenda wapi. Namwelewa, hakukuwa na nafasi ya kuongea sikioni. Lakini siku chache baadaye serikali ilipotuamuru kuhama mji, na ardhi ikitetemeka chini yetu, bado hakuna aliyeniambia neno. Wanangu walinipandisha kwenye gari, wakapanga safari, wakabishana, wakashuka Mugunga, wakapanda tena kwenda Sake, na mimi nimewekwa nyuma pamoja na magodoro. Mimi niliyewatoa watu ndani mara ya kwanza! Nilipiga ngumi ubavu wa gari. Mwanangu mkubwa aligeuka, akatabasamu, akanipa ndizi.

Tuliporudi Goma, nilikuta taa nyekundu haiwaki. Nikamuuliza mwalimu wa madrasa, mtu mpole mwenye sauti nzuri, niliyewahi kuisifu mwenyewe nilipokuwa na masikio ya kusifia. Aliweka mdomo kwenye sikio langu la kushoto. "Ni taa tu njo ilikufa, muzee. Mikro inatumika." Tangu hapo akawa ananifungia mlango wa kile chumba kila ninapoingia. Upepo, alisema, unaharibu sauti. Nilimwona ana adabu sana.

Nikaadhini namna hiyo kwa miaka. Nilitoka nyumbani alfajiri, nikarudi, nikatoka tena. Ilikuwa ndiyo sehemu ya siku ambapo sikuwa mgonjwa aliyepona. Nilikuwa muadhini.

Halafu ikaja vita hii. Watu wa Kibumba walishuka na mizigo vichwani, kisha wa Sake, kisha waasi wenyewe wakaingia mjini. Tulilala chini sebuleni. Mabomu niliyasikia kwa mgongo, kupitia saruji, na juu yake sufuria yangu ikiendelea kulia bila aibu. Umeme ulikatika, maji yakakatika, msikiti ukafungwa. Siku ambayo mke wangu alinionyesha kwa mkono kwamba risasi zimetulia, jua lilikuwa utosini. Nilivaa kanzu nikaenda. Alinishika, nikautoa mkono wake.

Mwalimu hakuwepo, alikuwa bado amejificha na familia yake. Hakukuwa na umeme, kwa hiyo sikuingia chumbani. Nilisimama uani, nikaweka vidole masikioni kama inavyotakiwa, na nilicheka peke yangu kwa hilo, nikaita sala ya adhuhuri kwa kifua chote nilichorudishiwa na sindano.

Nilipofungua macho, watu walikuwa getini. Walishika madumu, walikuwa wakienda ziwani kuchota maji. Walinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Mbele yao alikuwa jirani yetu mama Mkatoliki wa kutoka Butembo, anayeuza viazi vya Kibumba, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa ukuta wa msikiti. Alitupa dumu chini, akanikimbilia, akanishika mabega mawili. Anajua sikio langu ni lipi.

"Muzee! Kumbe uko muzima? Siye tulizani ulishakufaka! Tangu tulirudia na ile volkano hatujasikia tena sauti yako!"

Nilimwambia niko hapa kila siku. Akatikisa kichwa. "Hapana, muzee. Ni ule mwalimu iko anaita sala."

Niliingia ndani. Nilishika waya wa mikro pale unapoanzia, nikaufuata kwa mkono mpaka kwenye tundu la ukuta, nikazunguka kwenda ofisini. Mlango ulikuwa haujafungwa kwa ufunguo. Waya wangu ulitokea kwenye tundu na kuning'inia hewani, kichwa chake kimefungwa vizuri na plastiki ili kisiingie kutu. Kwenye mashine kulikuwa na waya wa mikro nyingine, na mbele yake kiti cha mwalimu, kina mto.

Plastiki ile ndiyo iliyoniua. Walinitunza! Kamati walikaa kikao, wazee wazima wenye ndevu, wakakubaliana kwamba muzee aachwe aimbe chumbani, masikini, asiumie. Muuguzi naye aliniacha niendelee, masikini, nisiogope. Miaka yote hiyo nimezungukwa na watu wenye huruma, na hakuna hata mmoja aliyenihesabu kuwa mtu wa kuambiwa. Mikro ningeitoa. Naapa ningeitoa, kwa kulia, lakini kwa mkono wangu. Nilirudi chumbani nikaivunja kwa kiatu ile taa iliyokufa. Sikusikia hata ilivyovunjika.

Nyumbani mke wangu alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Kutoka nyumba yetu hadi msikitini hapafiki hata urefu wa uwanja wa mpira. Nilisimama mbele yake, na swali lilikuwa limeshanifika kooni kabla sijalitaka.

"Ulijua?"

Aliweka ungo chini. Alisema ndiyo, kwa mdomo tu. Nilimwona anaanza kulia na nikakasirika zaidi, kwa sababu kilio kilikuwa changu.

"Na leo umenisikia?"

Ndiyo.

"Sauti ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa muzuri," alianza, nami niliyasoma maneno hayo midomoni mwake na nikageuka niondoke. Alinishika kanzu. Akanivuta mpaka nikainama, akaweka mdomo kwenye sikio la kushoto, akasema taratibu.

"Ilikuwa mubaya. Ni siku mingi iko inakuwa mubaya."

Nikakaa chini kizingitini, kando ya ungo, nikamgeuzia sikio langu.

"Niambie ni wapi," nikasema. "Neno kwa neno, niambie inaharibikia wapi."

Akapangusa uso kwa kitenge, akaanza tangu neno la kwanza. Hakunificha chochote. Nilimsikiliza mpaka mwisho.