Kanada Nyuma ya Bucha

Fundi wa friji wa mtaa wetu hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Anaitwa Fundi Kesho, na jina hilo amelitolea jasho. Ukimpelekea friji isiyogandisha ataizunguka mara mbili, ataigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, atatega sikio, kisha atakutajia ugonjwa wake hapo hapo, na hatakosea. Umahiri unaishia hapo. Kinachofuata ni kesho. Gesi iko njiani, kesho. Kompresa imeshapatikana, kesho. Kuna mama mmoja aliyepeleka friji akiwa na mimba, na mtoto sasa anajua kusoma.

Matokeo yake ni kwamba sebule ya Fundi Kesho ina friji saba za watu zimesimama kwenye ukuta kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa, na televisheni inatazamwa kwa kuchungulia kati ya ya tatu na ya nne. Ya nane ni yake mwenyewe. Ilikufa mwaka aliooa, miaka tisa iliyopita, na ufufuo wake umepangwa kesho. Kwa sasa ni kabati la nyaraka. Cheti cha ndoa kiko kwenye droo ya mboga, na pasipoti mbili zimesimama kwenye trei ya mayai.

Mkewe ni nesi wa wodi ya wanaume, wodi ambayo feni yake ilizunguka mara ya mwisho kabla yeye hajaajiriwa, na ana miaka kumi na moja kazini. Akirudi nyumbani, hata viatu hajavua, anaiendea friji yoyote inayofanyiwa majaribio siku hiyo, anaifungua, anaingiza kichwa mpaka mabegani, anatulia humo kama mtu anayesali. Wageni wakishangaa, Fundi Kesho anavimba kifua.

"Anakagua kazi yangu," anasema. "Mke wangu ana jicho, huyu."

Basi ikaja barua. Uwakala wa kupeleka manesi nje ulikuwa umempitisha Nesi kwenye usaili, na nchi tatu zilikuwa tayari kumpokea pamoja na mumewe: Kanada, Kuwait na Nyuzilandi. Alichotakiwa ni kuandika jina la nchi moja kwenye kisanduku kimoja, wote wawili watie saini, na fomu ifike ofisini, mitaa miwili tu kutoka nyumbani, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ikipita saa sita, nafasi anapewa mwingine, na mwingine huyo alishajulikana, kwa sababu alipita kusalimia mara mbili na kuuliza afya ya Nesi kwa hamu isiyo ya kawaida.

Saini zilitiwa siku hiyo hiyo. Nesi akashika kalamu ajaze kisanduku. Fundi Kesho akaivuta fomu.

"Ngoja kwanza, mke wangu. Jambo zito hili. Linataka kikao."

Kikao kikaitishwa Jumapili sebuleni, kati ya friji. Alikuwepo mama yake Fundi, anayeishi chumba cha pili na anayeingia bila hodi. Alikuwepo na mjomba wake, ambaye ndiye mtaalamu wa nchi za nje katika ukoo. Mjomba, miaka kumi na tisa iliyopita, alikaa saa kumi na nne kwenye uwanja wa ndege wa ugenini akisubiri ndege ya kuunganisha, akagundulika ana karatasi pungufu, akarudishwa. Tangu siku hiyo kila sentensi yake huanza na "mimi nilipokuwa nje."

Ramani ya dunia ilibandikwa kwenye mlango wa friji ya tano. Mama akaisogelea.

"Hii Nyuzilandi mbona imekaa pembeni hivi? Mtu akiteleza kidogo si ameshatoka kwenye ramani?"

"Mama, dunia ni duara."

"Duara ndiyo inayoteleza zaidi."

"Mimi nilipokuwa nje," alisema Mjomba, "niliona mengi. Watu wa nje hawasalimiani. Wanaburuta masanduku tu, kutwa. Wanalala kwenye viti. Na kila baada ya dakika tano kuna mwanamke anawatangazia waangalie mizigo yao. Hawaaminiani wale."

"Na mimi niseme kidogo?" aliuliza Nesi.

"Utasema, mke wangu, zamu yako inakuja. Hebu mletee Mjomba kiti chenye mgongo."

Nesi akaenda kuleta kiti. Aliporudi, Mjomba alikuwa ameshafika Kanada.

"Wewe kule utafanya nini, mwanangu? Watu wale friji ya nini? Mtu anafungua dirisha, anaweka maziwa nje, amemaliza. Utakuwa fundi wa madirisha?"

Hilo lilimwingia Fundi Kesho. Aliiona Kuwait ikiinuka mbele ya macho yake: joto la kuyeyusha kandambili, friji zinakufa kila mtaa, na yeye katikati akisema kesho kwa Kiarabu. Kila mtu angenyamaza hapo, mambo yangeisha. Lakini mama yake alitaka kumsaidia.

"Na hiyo baridi hataiweza kabisa," alisema akimgeukia mkwewe. "Huyu nilikuwa namwogesha maji ya uvuguvugu, analia mpaka majirani wanakuja kuuliza nimempiga na nini."

"Mama!"

"Si uongo. Mjomba wako shahidi."

"Mimi nimefanya kazi na baridi miaka ishirini! Baridi na mimi ni ndugu!" Fundi Kesho alisimama. "Sasa sikilizeni. Hatutachagua kwa maneno. Nitazijaribu zote tatu, kitaalamu, kisha nitatoa uamuzi."

Akaikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni. Nesi alikuwa ameenda kuleta kiti cha pili.

Jumatatu akaijaribu Kuwait. Saa saba mchana alipanda juu ya bati, akakaa huko bila kofia, akashuka baada ya nusu saa midomo imepasuka, akatangaza kuwa nchi inakalika. Jumatano ilikuwa zamu ya Nyuzilandi. Kwa kuwa tatizo la huko ni umbali, yeye na mama yake walikubaliana wasisemeshane kuanzia asubuhi mpaka jioni. Saa mbili na nusu mama akaingia.

"Nimekuja kuuliza tu kama tumeshaanza kutosemeshana."

"Bado."

"Basi twende tukanywe chai."

Nyuzilandi ikafutwa.

Ijumaa asubuhi Nesi alivaa sare yake nyeupe, akasimama mlangoni na kunyoosha mkono.

"Fomu, Fundi."

"Iko hapa mfukoni, salama salimini. Nimebakiza Kanada tu. Dakika kumi nyuma ya bucha, narudi na jibu."

"Ni leo saa sita, Fundi. Si kesho saa sita."

Bucha la mtaani lina chumba cha baridi kwa nyuma, chenye ukubwa wa kutosha ng'ombe wawili waliotundikwa na mtu mmoja asiye na akili. Mlango wake mnene ulikuwa mgonjwa wa Fundi Kesho kwa mwezi na nusu. Kishikio cha nje kilipokatika, alikifungua cha ndani akakihamishia nje, kikashikiliwa na skrubu moja, na tundu lililobaki ndani akaliziba kwa bati, kazi safi sana. Kishikio kipya kilikuwa kinakuja kesho. Mpira wa chini ya mlango nao aliubandua uliochakaa, na mpya ulikuwa unakuja na kishikio. Mwenye bucha aliuziba ule mwanya kwa tambara, akaendelea na maisha.

Fundi Kesho alifika amevaa suruali mbili, sweta tatu, kofia ya sufu ya mama yake na glavu za kushikia sufuria za moto. Akaishusha baridi kutoka digrii mbili mpaka kumi na mbili chini ya sifuri, maana, alisema, Kanada hakuna digrii mbili. Akaingia na sanduku lake la vifaa ili apate pa kukalia.

"Baada ya dakika kumi nifungulie."

"Usijali," alisema mwenye bucha, akaubamiza mlango.

Mwenye bucha ni mtu wa ahadi. Dakika ya kumi alikuwa ameshamaliza kumkatia mteja mbavu, akanawa mikono, akaenda akavuta kishikio. Kishikio kikatoka kizima kizima. Akakitazama. Akakirudisha taratibu mahali pake, akaenda kufuta mizani, akarudi akavuta tena kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Kikatoka tena.

"Fundi?"

"Eeh, fungua!" Sauti ilitoka kwenye lile tambara.

"Kishikio kimekuja."

"Kimekuja wapi?"

"Mkononi."

Saa tano na robo mtaa mzima ulikuwa nyuma ya bucha, mama mbele, Mjomba pembeni yake.

"Zima umeme!" mama alipiga kelele.

"Nizime? Mama yangu, nina ng'ombe wawili mle ndani."

"Na mwanangu je?"

"Mwanao hana oda."

Kwa kuona uso wa mama, mwenye bucha akachukua shoka la mifupa. Kutoka ndani ikasikika sauti kali, "Usiuguse mlango wangu!" Fundi alieleza kwamba bawaba zote ziko kwa nje, zina nati sita, na spana namba kumi na tatu inazifungua zote. Spana hiyo alikuwa ameikalia.

Hapo Nesi akafika. Alipiga magoti, akalivuta tambara, na hewa ya baridi ikampiga usoni. Alibaki ameinama hivyo kwa muda kidogo, zaidi ya ilivyohitajika.

"Fundi."

"Mke wangu! Umekuja! Naipitisha spana, mpe mwenye bucha."

"Fomu kwanza."



"Mke wangu, naganda."

"Hujaganda. Aliyeganda halalamiki. Fomu kwanza, spana baadaye. Imebaki nusu saa."

"Basi ngoja niijaze mwenyewe. Naandika Kuwait. Kei..." Ikasikika kalamu ikikwaruza. Ikakwaruza tena. "Kalamu imegoma. Wino umekuwa jiwe."

"Mimi ninayo yangu."

"Si tushauriane kwanza?"

"Kikao kilishafanyika. Mimi nilikuwa naleta viti."

Fomu ikatokeza chini ya mlango, imekunjwa mara nne, baridi kama kipande cha barafu. Nesi aliiweka shavuni kwanza, kisha akaikunjua. Spana ikafuata, akampa mwenye bucha. Akatoa kalamu kwenye mfuko wa sare, akaiegemeza fomu kwenye mlango wenyewe na kuandika.

"Unaandika nini? Ni Kuwait hiyo?"

"Mlango huu mnene, sisikii vizuri."

"Sasa hivi ulikuwa unasikia!"

Lakini Nesi alikuwa ameshaondoka, viatu vyake vyeupe vikipigapiga lami.

Nati sita zilikuwa na kutu. Mwenye bucha alizungusha, Mjomba akielekeza: "Mimi nilipokuwa nje, wao wanazungusha kushoto." Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alikuwa sahihi. Zilipobaki dakika chache kufika saa sita, mlango ulilala chini kwa kishindo, na Fundi Kesho akatoka katikati ya ukungu, sharubu nyeupe pepe, magoti yakigongana.

"Ha-hata hi-hizo bawaba zimechoka," alisema. "Nitaleta mpya kesho."

"Mwanangu!" Mama alimkumbatia, akawageukia watu. "Si niliwaambia? Huyu wa maji ya uvuguvugu huyu! Kanada gani!"

Watu wakacheka. Fundi Kesho alijitoa mikononi mwa mama yake, akainua kidevu, akakusanya meno yake mpaka yakaacha kugongana.

"Uvuguvugu nini? Nimekaa zaidi ya dakika arobaini humo ndani. Mmenisikia nikilia? Ningeweza kukaa hata masaa mawili. Baridi hii kwangu ni kama shati."

"Nimefurahi kusikia hivyo," alisema Nesi nyuma yake.

Alikuwa anahema. Mkononi alikuwa na nakala ya fomu, muhuri wa ofisi bado unang'aa. Fundi Kesho aliipokea akaisoma. Kwenye kisanduku, kwa mwandiko ule ule anaoandikia dozi za wagonjwa, usioacha nafasi ya ubishi, palikuwa na neno Kanada. Alifungua mdomo. Akamtazama mama yake. Akawatazama watu waliokuwa wakisubiri aseme tena kuhusu lile shati. Akaufunga mdomo.

Nesi hakungoja. Alivuta kreti tupu, akaliweka pale penye uwazi, akakaa, akavua viatu. Ukungu ulimwagika ukamfunika miguu. Kisha akainama akaingiza kichwa ndani mpaka mabegani, akafumba macho, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Fundi Kesho alikuwa amemwona hivyo kila siku kwa miaka tisa. Akachuchumaa kando yake, bado amevaa glavu za sufuria.

"Kumbe hukuwa unakagua kazi yangu."

"Nikague nini? Sijui hata kompresa inakaa wapi." Hakufumbua macho. "Tangu nizaliwe sijawahi kulala nimejifunika blanketi bila kuwa na homa. Nataka siku moja nilale chini ya blanketi, nikiwa mzima."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niliomba kusema. Ukaniagiza kiti."

Mwenye bucha hakuwa na muda wa maongezi yao.

"Jamani, baridi yote inatoka! Rudisheni mlango! Nyama yangu!"

Fundi Kesho alisimama. Akaokota spana, akaokota nati, akazihesabu, ziko sita. Akasema kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kutoka kwake:

"Naufunga sasa hivi."

Mama yake alishika kifua. Mjomba akamtafutia pa kukaa. Na Nesi, kichwa chake kikiwa Kanada na miguu yake ikiwa buchani, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamshika mumewe suruali ya juu.

"Hapana, Fundi," alisema. "Kesho."