Walimpeleka Agnella Akasahaulishwe

Kilichomuudhi Agnella kuliko hata maumivu ya bega ni upole wa shemeji yake. Telesphory, kaka mkubwa wa mumewe, alikuwa akija nyumbani kwao Mlabani na ndizi mkononi, anaketi, anamjulia hali, kisha anamweleza mumewe Damiani, kana kwamba Agnella mwenyewe hayupo, kuwa shemeji bado hajakaa sawa kichwani. Agnella akifungua kinywa amjibu, koo linajikaza, neno halitoki.

"Unaona mwenyewe," Telesphory anamwambia mdogo wake, akitikisa kichwa kwa huruma.

Zamani hakuna aliyemwona Agnella kuwa mtu wa kuchanganyikiwa. Alilima mpunga ng'ambo ya mto Lumemo, na kwa baiskeli yake hakuwa na mzigo uliomshinda. Siku ya ajali alikuwa akirudi kutoka shamba, amempakia rafiki yake Nyamizi nyuma kwenye karia. Nyamizi ni Msukuma, watu wa kwao walihamia bondeni na ng'ombe, na urafiki wa wanawake hao uliwakera wengi wa pande zote mbili, maana wakulima na wafugaji wa kule walikuwa wamezoea kugombana. Wenyewe hawakujali.

Gari dogo la mizigo, yale wanayoyaita kirikuu, likaja mbele yao, likahama upande wake na kuwafuata. Nyamizi alikuwa amegeukia nyuma, hakuona kitu. Agnella aliona. Alimwona dereva usoni, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika chupa ya konyagi. Alikuwa Telesphory.

Nyamizi alikatwa mguu. Agnella alivunjika bega, na alipopata fahamu hospitalini, Telesphory alikuwa ameshatangulia kusimulia: shemeji alikata barabara ghafla, yeye angefanya nini? Hakukuwa na mtu mwingine aliyeona. Habari ikazunguka sokoni na kanisani, ikafika kwa Nyamizi, naye akaiamini. Agnella alimtumia salamu mara nyingi. Hazikujibiwa. Na askari wa barabarani alipokuja kuchukua maelezo, Agnella alibaki kutetemeka na kutoa jasho mpaka yule askari akachoka, akaondoka. Mengine aliweza kuyasema; ya ajali, au mbele ya Telesphory, maneno yalikwama.

Hasira ilimkaa kifuani kama kaa la moto. Akipika anayo, akilala anayo. Damiani akimwambia apunguze mawazo, alitamani kumrushia mwiko.

Ndipo Telesphory akasikia habari za Bernadetha, muuguzi mstaafu aliyesomea tiba ya hipnosia na kufungua chumba kidogo pale pale mjini. Mtaani walisema mama huyo anakulaza, ukiamka shida zako huzikumbuki tena. Telesphory aliipenda sana habari hiyo.

"Atakusahaulisha yale mabaya, shemeji," alimwambia Agnella. "Utapumzika, na sisi tutapumzika."

Hilo "na sisi" Agnella alilisikia vizuri.

Siku ya kwanza Telesphory alimsindikiza mpaka ndani, akaanza kueleza yeye shida ya mgonjwa. Bernadetha alimwomba atoke. Akasema yeye ni ndugu. Bernadetha akafungua mlango, akasimama pale mpaka alipotoka. Kisha akamweleza Agnella kwamba yanayosemwa mtaani si kweli. Hipnosia si usingizi. Mtu hutulia sana, akili ikashika jambo moja, lakini anasikia, na akitaka kufungua macho anafungua. Wapo wanaomjia kwa kukosa usingizi, kwa kuogopa sindano, kwa kushindwa kuacha sigara. Baadhi wanapata nafuu, baadhi hawapati.

"Siwezi kukufutia jambo," alisema. "Wala sitakuchokonoa nitafute usilolikumbuka. Wewe unataka nini?"

Agnella alihangaika, kisha akajibu kwa shida, "Nataka kusema. Hasira usiiguse. Ni yangu."

"Sitaigusa."

Siku hiyo haikufaa kitu. Aliambiwa akazie macho alama ukutani, avute pumzi taratibu, alegeze mabega, naye kila alipofumba macho akamwona Telesphory na ndizi zake. Alitoka akimwambia Bernadetha kuwa ni tapeli. Asingerudi, lakini Telesphory alipita nyumbani kumuuliza kama ameanza kusahau. Agnella akarudi.

Safari hii Bernadetha alimuuliza ni wapi ambako sauti yake haijawahi kukwama. Shambani, akifukuza ndege wa mpunga. Basi akamtuliza, akamwongoza arudi huko kwa mawazo: tope baridi kati ya vidole vya miguu, mashuke usawa wa kiuno, sauti ikitoka tumboni. Kutoka hapo akaseme sentensi moja tu kuhusu yale ya barabarani, kisha arudi shambani. Kuna siku alitapika. Kuna siku alilia kwa hasira. Lakini sentensi zikawa mbili, zikawa nyingi, na nyumbani alifanya mazoezi peke yake.

Telesphory alipoona ametulia, alidhani dawa imefanya kazi. Akaitisha kikao cha ukoo, akamwalika Nyamizi na mumewe Ngusa, ili Agnella amwombe radhi mwenzake, yaishe.

"Shemeji sasa yuko sawa," alitangaza. "Ana neno."

Koo lilianza kujikaza. Agnella akakandamiza nyayo sakafuni, akalitafuta lile tope, akavuta pumzi.

"Ninalo," alisema. "Nilikuwa upande wangu wa barabara. Wewe ndiye uliyetufuata, mkono mmoja umeshika chupa. Sikusahau hata siku moja."

Telesphory aling'aka kuwa ni yule mama wa kliniki aliyemjaza maneno. Damiani, ambaye miezi yote hiyo hakuwahi kumhoji kaka yake, akamgeukia.

"Kaka, ulikuwa umekunywa?"

Telesphory aliuliza tangu lini wanasikiliza wagonjwa.

Nyamizi alijiinua kwa magongo yake, uso umemwiva kwa hasira. "Mbona hukuniambia mimi?"

"Ulikataa salamu zangu," Agnella alimjibu. "Na koo lilikataa maneno."

Kesho yake Agnella na Nyamizi walikwenda polisi. Maelezo yakaandikwa upya. Kesi bado inaendelea, Telesphory anakana, na nusu ya ukoo haimsalimii Agnella. Nyamizi hajamsamehe kabisa kwa ule ukimya, wala Agnella hajamsamehe Nyamizi kwa kuamini upesi. Lakini wakiitwa kituoni wanakwenda pamoja, na wakiwa kwenye benchi wanamsema Telesphory mpaka askari wa zamu anawaomba wapunguze sauti.