Mlango Uliobaki Mahabibo

Charifa alifundisha sayansi kisiwani Nosy Be, Madagaska, mpaka chaki ikamwingia kwenye mistari ya viganja, lakini ukimwuliza kwao wapi, atakwambia Mahabibo, kule Mahajanga, na sauti itamlainika. Huko ndiko alikozaliwa, katika nyumba ya mbao na mabati ya mama yake, Sittina. Mwaka 1977, watu wenye asili ya Komoro walipoukimbia mji kwa hofu ya kuuawa, msichana akapelekwa Nosy Be kwa mama yake mdogo. Sittina hakutoka. Nyumba ilikuwa yake, na mwanamke wa Kikomoro haachi nyumba kama anayesahau kanga kwenye kamba.

Miaka miwili baadaye Charifa akaposwa na Anli. Kwa desturi yao, bwana harusi huingia katika nyumba ya bibi harusi, na nyumba hiyo humpasa mama mtu kuitoa. Basi ikaja kwa boti ya mizigo: mbao, mabati, hata bawaba. Mabati yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani, na shangazi zake Anli wakacheka chinichini. Charifa alinuna harusi nzima. Alipokwenda Mahabibo kulalamika, alikuta kiwanja kitupu na kibanda kidogo cha jiko, mama yake ndani anakuna nazi. Sebule alimojifunza kutembea haikuwepo tena. Hasira zikamwisha, aibu ikamshika. Akamsihi mama ahamie naye Nosy Be. Mama akatia pamba masikioni.

Tangu hapo Charifa akaapa kutopokea tena kitu kwa mama yake, hata kipande cha ubao. Alidhani ndiyo huruma.

Mwaka 2008 Mariyama, binti yake Charifa, alichumbiwa. Sittina akatuma salamu: mlango wa jiko ni mti mzuri, ni fungu la mjukuu. Charifa akakataa. Mama akarudia, naye akakataa tena. Ikatokea walimu wa sayansi wakaitwa Mahajanga kwa mafunzo, akajiapiza kwamba yakiisha, atambeba mama, atake asitake.

Mkufunzi, kijana aitwaye Fahardine, aliwawekea kuvu chini ya hadubini, ya jamii ya ile inayoota kwenye mkate uliolala, ila hii ilikuwa imeshindishwa njaa. Nyuzi za nyuma zilibaki maganda matupu. Za mbele zilikuwa zingali zinarefuka, zimebeba vishina vyenye mbegu. Fahardine akaeleza kwamba seli ikikosa chakula hujila yenyewe. Humeng'enya viungo vyake vya ndani, na kinachopatikana husukumwa mbele kwenye machipukizi. Seli nyingine hufia hapo.

Charifa akauliza ingekuwaje mtu akiizuia isijile.

"Watafiti wamejaribu, mwalimu," alisema Fahardine. "Mara nyingi haiponi. Hufa mapema, na haizai."

Wenzake wakaendelea kuandika. Yeye alikuwa akiisikia mvua ya utotoni juu ya mabati ya Mahabibo, na harufu ya mikate ya mama ikikaangwa barazani. Kumbe bado alikuwa akilala chini ya mabati yaleyale.

Alasiri akaenda. Sittina, mgongo umempinda, alikuwa jikoni akichambua mchele. Charifa hakusema hata neno moja kati ya yale aliyoyapanga. Aliomba nyundo.

"Ya nini?"

"Nimekuja kuchukua mlango wa Mariyama."

Sittina akaweka ungo chini. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Umechelewa, mwanangu. Mimi nilikuwa nangoja hilo tu. Mama haondoki kwake kabla hajamaliza kutoa. Nguo zangu zimo kapuni siku nyingi. Mlango ukipanda boti, nami napanda."

Charifa akaipokea nyundo, akausogelea mlango. Miaka yote ile alikuwa akimsihi mama aje, na kumbe aliyemzuia ni yeye mwenyewe.