Kiberiti cha Rebeka

Tumbo la Odeta lilikuwa na kalenda yake, na kalenda hiyo haikumwogopa mtu. Siku mbili kabla ya damu ya mwezi lilianza kujaa gesi, likajaa mpaka sketi ikakataa kufunga, na majirani wa Nyakato, watu wasio na kazi ila macho, wakampongeza mumewe: "Nkwabi, hongera, unaitwa baba karibuni!" Hongera gani? Damu ilipofika aliharisha mara sita, mara saba kwa siku, na kila alipochuchumaa aliuma kanga asipige kelele, maana haja kubwa ilipita ikimkata kama kisu. Damu ikikatika, choo nacho kinagoma siku nne. Halafu anapona, anacheka na watu. Mwezi ujao, yale yale. Miaka sita, bila mtoto, bila jibu.

Zahanati alizunguka, jamani! "Unaumwa nini?" "Tumbo, naharisha." "Amiba hiyo." Wanapima choo hawaoni kitu, wanampa vidonge vya Flajili hivyo hivyo, mpaka ulimi ukawa na ladha ya sarafu. Hakuna aliyeuliza habari za siku zake, na Odeta, binti wa Majita aliyekulia kwenye kwaya, angeanzaje kuzitaja mbele ya daktari mwanamume?

Mwaka wenyewe ulikuwa tisini na nane. Nkwabi alikuwa amepunguzwa kazini tangu kiwanda cha serikali kifungwe, kwa hiyo nyumba ilikula kwa kisu cha Odeta, mkataji wa minofu ya sangara katika kiwanda kimoja cha samaki. Ndipo wazungu wakakataa samaki wetu, eti wana vijidudu. Nusu ya wafanyakazi wakarudishwa makwao. Waliobaki wakachungwa kama wezi: ukienda chooni mara tatu kwa zamu moja, jina lako linaandikwa. La Odeta liliandikwa mpaka karani akalijua kwa moyo.

Jioni moja msimamizi wao, Masele, akapanda juu ya kreti. "Kesho kila mtu alete choo kipimwe. Atakayekutwa na mdudu, ajue hana kazi. Getini kuna watu mia wanataka nafasi yake."

Odeta akahesabu siku zake. Kesho ilikuwa siku ya pili ya damu. Ni kweli zahanati zilisema hazioni kitu, lakini nani angeamini? Tumbo linaloteseka vile liwe safi? Haiwezekani! Akamfuata Rebeka, mjane wa Kisesa mwenye watoto wanne, aliyesimama naye meza moja. Rebeka alikuwa na tumbo la chuma: ugali wa jana, dagaa wa juzi, maji ya ziwa, vyote vilipita salama.

"Nisaidie, dada. Nigawie choo chako."

Rebeka alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwenzangu, watu huazimana chumvi!" Lakini asubuhi akaja na viberiti viwili, kimoja chenye choo chake akamtilia Odeta mkononi. Odeta akaandika jina lake juu yake, akamshukuru Mungu. Cha pili, cha kupeleka kwa jina lake mwenyewe, Rebeka alikuwa amekijaza choo cha mwanawe mdogo, kwa kuwa chake hakikutosha.

Majibu yalitoka baada ya siku tatu. Rebeka: safi. Odeta: amiba. Wakampa vidonge, wakamvua gambuti za kazi palepale.

Alitembea mpaka Butimba akilia njia nzima bila kujificha. Huko, kwenye zahanati ya kanisa, alikuwapo muuguzi mzee aitwaye Getruda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo hilo linaanza lini?"

Odeta akaanza habari ya amiba. Mama Getruda akamkatiza. "Sijauliza mdudu. Nimeuliza lini. Na siku zako je, zinakuja lini?"

Miaka sita, ndiyo mara ya kwanza kuulizwa. Odeta akasema yote, hata lile la kuuma kanga. Yule mama akapima choo cha Odeta mwenyewe, akamwandikia karatasi: hakuna mdudu.

"Kuna ugonjwa wa kina mama," akasema. "Nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba inaota nje, wakati mwingine hata kwenye utumbo. Damu yako ikija, nayo inavimba, inauma, inavuruga choo. Flajili haiiwezi hiyo. Nakuandikia uende kwa daktari wa kina mama. Sikuahidi kupona, ila usikubali tena kuambiwa amiba."

Basi tumbo lake lilikuwa safi. Siku zote lilikuwa safi! Angepeleka choo chake na maumivu yake, angekuwa mezani sasa hivi anakata samaki. Uchungu wa jambo hilo ulimzidi hata ule wa mwezi.

Alipitia kwa Rebeka, akamwekea vile vidonge kwenye kiganja. "Ni vyako hivi. Meza vyote, na watoto uwapeleke wakapimwe."

Rebeka hakucheka. "Mimi? Mbona siumwi popote?" Kisha akaelewa, akakaa chini kwenye mkeka. "Odeta, usinitaje. Nina wanne."

Kesho yake Odeta alisimama getini na karatasi yake. Masele akaisoma mara mbili.

"Aliyekutwa mara moja harudi, sheria hiyo. Lakini wewe ulikuwa mkataji hodari, na mimi si mtoto: jana amiba, jana hiyo hiyo safi?" Akasogea karibu. "Kile kiberiti hakikuwa chako. Nitajie mwenye kiberiti tu, kesho unarudi mezani."

Odeta aliwaza Nkwabi, sufuria tupu, na daktari ambaye hangemwona bure. Mlango wa ukumbi wa kukatia samaki ulikuwa wazi. Ndani, Rebeka alikuwa amesimamisha kisu, anamtazama.

"Nani?" Masele akauliza tena.

"Kilikuwa changu," alisema Odeta.

Masele akamrudishia karatasi yake, akaenda kunawa mikono.