Kikombe cha Mzee wa Dundori

Kila nilipopandikiza figo kabla ya siku hiyo, mwalimu wangu kutoka ng'ambo alikuwa amesimama begani kwangu, tayari kuninyang'anya makasi. Siku hiyo hakuwepo. Ilikuwa mimi na timu yangu hapa Nakuru, mara ya kwanza, na wakubwa walikuwa wamenong'ona vya kutosha kwamba mwanamke wa Rongai ataaibisha hospitali. Sikutaka mchezo na mtu.

Mgonjwa alikuwa kijana wa Kabazi, mwalimu wa shule ya msingi. Figo zake zilikuwa zimekufa, na mishipa ya kumuunganisha na mashine ya kusafisha damu ilikuwa imeziba mmoja baada ya mwingine. Ule wa mwisho, wa shingoni, ulikuwa unasuasua. Ukiziba huo, basi. Dada yake aliyeolewa Dundori ndiye alikuwa anampa figo.

Tulikuwa tumeshamlaza dada kwenye kitanda cha magurudumu, kofia kichwani, wakati mlango wa korido uliposukumwa. Akaingia baba mkwe wake, koti zito, gumbuti zina matope ya shamba la viazi. Nyuma yake mume wa huyo dada, macho chini.

"Daktari, huyu ni mtu wetu," mzee akasema. "Unataka kumkata, na hakuna mtu alikuja kwetu kutuuliza."

Mume alikuwa amekubali mbele yangu. Kumbe nyumbani hakusema kitu! Kwao, msichana akishaolewa, jamaa zake wakitaka jambo kubwa kutoka kwake, wanaenda kwa wakwe na mbuzi, wanaomba kwa mdomo. Mume alidhani mambo ya hospitali ni tofauti. Watu wa Kabazi nao walidhani amewasemea.

Hasira zikanipanda. "Mzee, sheria inataka idhini yake yeye peke yake, na amekubali. Nipishe tafadhali."

Dada mwenyewe ndiye alinikatiza. Aliketi, akashuka, miguu mitupu kwenye sakafu. "Daktari, hiyo sheria ni yako. Mimi nikitoka hapa narudi Dundori. Nitaingia nyumba ya nani?"

Weh! Daktari wa usingizi alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili nilipoagiza mama wa mgonjwa aitwe. Mama akaja mbio, leso inaburuta. Akaambiwa mambo yalivyo, na hapo hapo kwenye benchi ya korido, bila mbuzi, akaanza kuomba. Lakini alianza na machozi, na mzee akageuza uso. Akajipangusa, akaanza upya kwa heshima, akisema yeye ni nani na amekuja kuomba nini. Kwa kuwa mtu haombi mikono mitupu, niliagiza chai ya maziwa kutoka kantini, na mama akampa mzee kikombe kwa mikono miwili.

Mzee akakipokea. Hakunywa.

"Nimeshika, endeleeni," akasema. "Lakini sitakunywa mpaka nimwone ametoka huko akiongea."

Kwa hivyo niliingia kupasua nikiwa na huyo mzee kichwani, kikombe mkononi. Mwenzangu aliitoa figo ya dada bila shida. Mimi nikaishona kwa kaka, mshipa kwa mshipa, kisha nikafungua vibanio ili damu ipite. Hapo figo inafaa kuwa nyekundu, ichangamke. Hii ilibaki na mabaka ya buluu.

"Presha?" nikamuuliza daktari wa usingizi.

"Iko chini."

"Si uipandishe! Unangoja nini?"

Nikaifunika kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, nikaishika, nikaanza kuiongelesha. Ndiyo, mimi, na masomo yangu yote. Amka mama, amka, usinifanyie hivi. Akilini nilimwona yule kijana amefunikwa shuka mpaka usoni, na mzee anamwaga chai sakafuni.

Kisha wekundu ukaanza pembeni, ukasambaa polepole. Figo ikajaa mkononi mwangu. Mkojo ukaruka kwenye mrija wake, ukanipata kifuani. Nesi mmoja akapiga kigelegele, na sikumkemea.

Nilipofika kwa dada alikuwa ameamka, midomo imekauka.

"Imekojoa?"

"Imenikojolea mimi."

Akacheka, akashika ubavu, akaniambia niache kumchekesha.

Nikamwita mzee na mama mlangoni. Kikombe mzee bado alikuwa nacho, chai imefanya utando juu.

"Baba, bado uko?" dada akamuuliza.

Mzee aliinua kikombe, akainywa ile chai yote ikiwa baridi hivyo, mpaka majani ya chini. Akamrudishia mama kikombe kitupu.

"Hiyo mbuzi hatujaisamehe," akamwambia. "Na usilete wewe. Ailete huyo kijana wako mwenyewe, na miguu yake, apande Dundori tukimwona."