Mgeni Aliyenimalizia Kunakili

Usinambie nilisinzia. Ilikuwa alasiri, jua la Maskati linachoma, na mimi nimekaa kwangu Al Khuwair nna akili zangu zote. Macho ndiyo sina, tangu utotoni. Akili nnazo.

Kompyuta mimi naitumia kwa masikio. Ina programu inayonisomea kila kilichopo kwenye kioo, nami nabonyeza. Humo ndani nlikuwa na sauti ya marehemu mama akitoa hadithi zake za Unguja, na pengine popote hazipo. Siku hiyo diski ikaanza kugongagonga. Roho ikanipaa, nkampigia binamu yangu, akasema ananletea fundi kutoka mtaa wa Ghala tuhamishe kila kitu kwenye diski mpya nliyokuwa nayo ndani, kabla ile haijafa.

Kengele ikalia. Nkafungua, nkasema asalaam alaykum. Mtu akasema, "Masalkheri," salamu yangu hakuiitikia. Nkajua ndiye fundi, nkasema moyoni, vijana wa siku hizi. Na kwetu mgeni haulizwi jina wala shida yake mpaka anywe kahawa, wewe unajua. Basi nkafunga mlango, nkammiminia, nkamweka ubavuni mwangu.

Tukaanza kunakili. Kompyuta inanisomea majina ya mafaili yanavyokwenda, mara ikanyamaza. Nkabonyeza huku na huku, hola. Wewe unayeona hukijui kimya kile. Ni kama umeachwa katikati ya barabara kuu, magari yanapita. Ningefanya nini? Nkamuuliza kioo kinasemaje.

"Nipishe," akasema taratibu. "Ntakumalizia."

Nkampisha. Sikusikia kitufe hata kimoja kikibonyezwa, lakini kompyuta ikazinduka, ikasema kazi imekamilika. Nkamshukuru. Nkapapasa kiti, kitupu. Finjani imejaa vilevile. Mlango nimeufunga mwenyewe na ufunguo umo mfukoni mwangu. Simu ikalia, binamu anaomba radhi: gari limewaharibikia, yeye na fundi hawajatoka Ghala.

Nkafungua hadithi ya kwanza kwenye diski mpya. Wallahi, mama akaanza vizuri, kisha akasita, pahala ambapo hajawahi kusita.

"Mwanangu," akasema, "nani huyu ulomtia ndani?"

Na ile sauti ya mgeni ikamjibu, "Endelea, bibi. Nakusikiliza."

Hadithi zote ziko hivyo. Mke wangu kazisikia, chumba kile haingii tena. Fundi alipofika akasema diski ya zamani imeshakufa, hakuna cha kuokoa. Sheikh kaja kasoma, hakuna kilichobadilika. Tena inazidi: kila nikifungua, mama anasema machache, yule mgeni anasema mengi. Nifute? Mtu anamfutaje mama yake? Nisifungue? Nna hamu naye, niamini. Jana hadithi kaitoa yeye mwanzo mpaka mwisho, na mama nkamsikia anapumua tu kwa mbali.

Kwa hiyo nakwambia, kama una sauti ya mzazi wako, itolee nakala leo, chombo kikiwa kizima, na ukae na mtu wa nyumbani kwenu. Anayebisha hodi muulize ni nani, kahawa itangoja. Mimi nimebakiwa na ile pumzi, na kila asubuhi nafungua nihakikishe kama bado ipo.