Alama ya Moshi kwenye Kigae cha Mfalme

Siku ya kwanza kazini nilipewa pamba, vijiti na glasi ya maji, nikaambiwa maji ni ya kunywa. Mate ndiyo ya kusafishia. Katika karakana ile ya kukarabati vitu vya kale, nyuma ya maduka ya barabara ya Chaussée d'Ixelles, mate yalikuwa dawa ya kwanza: hutoa uchafu bila kuchubua rangi. Nilikuwa na shahada ya historia na maswali mengi. Papa Ilunga, fundi mkuu, mzaliwa wa Lubumbashi, alinionya kwamba nikiuliza sana mate yatakauka.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuacha shahidi: sehemu ndogo, upana wa ukucha, isiyosafishwa, ili atakayekuja baadaye aone kitu kilikuwaje.

Nilipokwisha kuzoea, kililetwa kigae cha buluu chenye ua la zambarau, kutoka bustani ya wafalme wa China. Mfalme mmoja alimpa mwanawe bustani ile. Mjukuu akaipanua, akachimba maziwa, akajenga kasri zenye chemchemi kwa mtindo wa Ulaya. Kisha majeshi ya Waingereza na Wafaransa yakaipora na kuichoma. Kigae kilikuwa cheusi upande mmoja. Sikuamini upesi kwamba ni moto ule, ungeweza kuwa moshi wa jiko la mtu. Lakini masizi yalikuwa hata chini ya gundi ya zamani, ndani ya ufa: kiliungua kabla ya kuungwa. Shaka yangu ikakosa pa kusimama.

Mkuu wa karakana, Mbelgiji mpole, alikubali tuache shahidi pembeni. Mnunuzi akakirudisha: kina doa. Mkuu akanipa pamba nilifute. Nikakataa, nikamsimulia bustani nzima tangu mfalme wa kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakipeleka kwa Papa Ilunga.

"Papa, ukitosha ile moshi, ukiipangusa, hakuna kitu itabakia ya kuonyesha ile moto."

"Bon, mutoto, miye nikikatala, kesho atakaa mwingine pa hii kiti." Akalowesha pamba mdomoni. "Na yeye hatakuwa na mukono muzuri sawa yangu."

"Donc, basi, mukono muzuri ndiyo inaunguza mara ya pili?"

Akaanza kufuta. Pamba ilitoka nyeusi, kisha kijivu, kisha nyeupe.

Sasa nimestaafu, ingawa bado ni kijana. Dawa kali za karakana zilinichubua mikono, daktari akanikataza. Wanaotaka kuingia kazi hii huniuliza kama inaokoa vitu. Nilikuwa na jibu zamani. Sasa huwaambia tu wanunue glavu nzuri.

Kigae kimewekwa ukutani katika ofisi moja karibu na kituo cha treni cha Schuman. Najua, kwa sababu mdogo wangu anafanya usafi pale. Jumapili moja, nyumbani kwetu mtaani Schaerbeek, nilimweleza kwamba bustani kilikotoka kigae kile iliteketea yote. Akacheka kidogo.

"Yaya, mukubwa wangu, ile kitu? Miye napangusaka kila asubuyi. Haina hata alama."